Re: Bedford yenye injini ya Isuzu inazima njiani

Mkuu, umeuliza kuhusu lori lako la Bedford lililowekwa injini ya Isuzu, linalozima njiani na kutetemeka likifika spidi 60. Kama Bedford inatoka Nyegezi, Mwanza, vizuri, ikikaribia Usagara inazima, kisha ukipampu kwa mkono inawaka, usikubali fundi akununulishe pampu mpya. Hapo inavuta hewa. Kati ya tangi na pampu ya mkono dizeli inanyonywa, haisukumwi, kwa hiyo palipolegea hapadondoshi hata tone. Funga kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu hiyo, washa injini, angalia mapovu. Yakipita, rudi nyuma kiungo kwa kiungo. Ikiwa tangi likijaa haisumbui, shuku bomba la kunyonyea lililomo ndani ya tangi: kwenye malori haya ya zamani huoza sehemu ya juu, mafuta yakishuka linavuta hewa.

Mtetemo wa spidi 60 ni jambo jingine. Huenda injini ngeni imebadilisha mlalo wa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi nyuma. Hakikisha flenji (sahani ya kufungia propela) ya gia boksi na ya difu, yaani gia ya ekseli ya nyuma, ziko sambamba, na krosi (viungo vinavyopinda kwenye ncha za propela) za pande zote mbili zimekaa mlalo mmoja.

Breki hujazitaja kabisa! Ukisimama, sogeza mkono karibu na kila dramu la breki kwenye gurudumu, usiliguse. Lenye moto kuliko mengine, huenda breki yake haiachii.