Maswali na majibu: Kizimba cha chatu mfalme

Barua nyingi za safari hii zinamhusu nyoka mmoja: Python regius, chatu mdogo wa Afrika Magharibi na ya Kati, ambaye hapa tutamwita chatu mfalme. Tumechagua sita. Nyingi zina chanzo kimoja: mfugaji anapima joto na unyevu ukutani, ilhali nyoka anaishi sakafuni.

Ninategemea kupata chatu mfalme mchanga mwenye urefu wa sentimita 45 hivi. Muuzaji anasema nimweke kwenye boksi dogo la plastiki, eti kizimba kikubwa kitamtisha na hatakula. Wengine wananiambia nianze na kikubwa moja kwa moja. Nimsikilize nani? Na ndani niweke nini?

Anza na kikubwa. Kinachomtisha chatu mchanga ni uwazi, wala si ukubwa. Porini nyoka huyu hushinda ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, akatoka usiku. Ukimweka kwenye kizimba kikubwa kisicho na kitu atajibana kona moja na kukataa chakula, na hapo ndipo watu wanaposema "kizimba ni kikubwa mno". Kijaze vizuri, naye atatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine bila kuonekana.

Kwa mkubwa, kipimo cha chini tunachokubali ni urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 60. Dume kwa kawaida huishia kati ya sentimita 90 na 110, jike hufika 120 hadi 150. Kizimba kisiwe kifupi kuliko nyoka aliyejinyoosha, kwa hiyo jike mrefu apewe cha sentimita 150. Nyoka huyu anaweza kuishi miaka 20 hadi 30, hivyo gharama ya kizimba kizuri unaitoa mara moja tu.

Ndani, cha kwanza ni mapango mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi. Yawe na mlango mmoja mdogo, na yawe madogo kiasi kwamba nyoka akijikunja mbavu zake ziguse kuta pande zote. Anapokua, badilisha. Jambo ambalo wengi hawalizingatii ni hili: mapango hayo mawili yafanane. Ukiweka moja zuri lenye giza upande wa baridi na jingine pana upande wa joto, nyoka atachagua usalama na kuacha joto, chakula hakitameng'enywa vizuri tumboni, nawe utadhani taa yako ni dhaifu.

Katikati ya mapango hayo tandaza vipande vya magome ya miti, gogo lenye tundu, majani makavu na mimea ya bandia, asilazimike kuvuka uwanja mtupu. Weka pia tawi nene kama mwili wake au zaidi, lililofungwa imara pande zote mbili. Chatu mfalme hupanda, madume hasa. Kama kizimba ni cha kioo, funika pande tatu kwa karatasi nyeusi kwa nje.

Sakafuni mwaga makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 8 hadi 10. Usitumie maranda ya msonobari au mwerezi, kwa kuwa mafuta yake yenye harufu kali huwasha njia ya hewa ya nyoka. Magazeti yanafaa kwa wiki za mwanzo unapomchunguza nyoka mgeni, maana kinyesi na utitiri huonekana upesi, ila hayashiki unyevu. Bakuli la maji liwe zito, pana na lisilopinduka.

Mwisho kabisa, milango. Chatu huisukuma kwa pua usiku kucha, na nafasi inayopitisha kidole inampitisha nyoka mchanga. Mlango wa kioo unaoteleza ufungwe kwa kufuli lake.

Nina tangi la kioo lenye mkeka wa joto chini yake. Kipimajoto cha duara nilichobandika kioo cha nyuma kinasoma nyuzi 31, lakini nyoka wangu hakai upande huo. Juzi niligusa sakafu chini ya makumbi nikaona ni ya moto sana. Tatizo ni nini?

Zima mkeka huo leo, kisha geuza nyoka kwa uangalifu umwangalie tumbo. Wekundu, malengelenge au magamba yaliyobadilika rangi ni dalili za kuungua, na hapo anahitaji daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Kipimajoto chako kinapima kioo na hewa iliyo juu ya nyoka. Mkeka usio na themostati (kifaa kinachodhibiti joto) unaweza kupandisha joto la kioo kupita nyuzi 40, na makumbi yaliyo juu yake yanazuia joto hilo lisitoke. Nyoka anachimba akifuata joto, analala juu ya kioo chenyewe, na mara nyingi hajiondoi kwa wakati. Ukiongeza makumbi, joto linajibana zaidi na kioo kinaweza hata kupasuka. Ukiyapunguza, unapoteza unyevu. Ndiyo maana tunapendelea joto linalotoka juu.

Mchana tumia taa ya halojeni yenye mwanga mpana, ikielekezwa kwenye jiwe bapa upande mmoja wa kizimba. Kwa kimo cha sentimita 60, balbu ya wati 50 hadi 75 mara nyingi inatosha. Iwake kwa muda wa saa 12, izimwe kwa muda wa saa 12. Usiku, kama chumba kinashuka chini ya nyuzi 22, ongeza hita ya seramiki isiyotoa mwanga. Balbu nyekundu na za buluu zinazouzwa kuwa ni za usiku ziache, nyoka anauona mwanga wake na usiku wake unavurugika. Mawe ya umeme yanayopata moto usiyaingize kabisa. Kama taa iko ndani ya kizimba, izungushie wavu wa chuma, la sivyo ataizunguka mwenyewe na kuungua.

Vipimo unavyovitafuta ni hivi: juu ya jiwe nyuzi 32 hadi 35, ndani ya pango la upande wa joto 30 hadi 32, upande wa baridi 24 hadi 27. Jiwe lipime kwa kipimajoto cha infraredi chenye umbo la bunduki, na mapango kwa vipimajoto vya dijitali vyenye waya, kihisi kikiwa chini pale mwili wa nyoka unapolala.

Kila chombo cha joto kipite kwenye themostati. Taa ya halojeni inataka ile inayopunguza na kuongeza umeme polepole, kwa sababu themostati ya kuwasha na kuzima itamsumbua nyoka kwa kumulika ovyo na kuua balbu mapema. Hita ya seramiki inaweza kutumia aina ya kuwasha na kuzima.

Kihisi cha themostati ndicho kinachosababisha ajali nyingi. Kikivutwa hadi upande wa baridi, au kikitumbukia kwenye bakuli la maji, themostati itaamini kizimba kina baridi na kuendelea kumwaga umeme mpaka ndani paive. Kifunge kwa kibano cha plastiki kwenye tundu la waya au kigandishe kwa silikoni na uiache ikauke kabisa kabla nyoka hajaingia. Usitumie gundi ya utepe ndani ya kizimba kwa lolote lile. Ikimnasa nyoka, ukiivuta inaondoka na magamba.

Endesha mfumo wote siku mbili au tatu kizimba kikiwa kitupu, ukipima asubuhi, alasiri na usiku, ndipo umwingize.

Nyoka wangu hujivua gamba vipande vipande, na safari hii kuna vipande vimebaki mkiani na juu ya jicho moja. Nanyunyiza maji mara tatu kwa siku. Unyevu unapanda hadi asilimia 90, baada ya saa mbili ni 40, na sasa kuna ukungu mweupe sakafuni.

Kunyunyiza kunalowesha tabaka la juu, maji yanapanda kama mvuke na kutokea kwenye kifuniko cha wavu. Unabaki na sakafu inayolowa na kukauka, hali inayopendwa na ukungu, na tumbo la nyoka linakaa kwenye majimaji. Magamba ya tumbo yakianza kugeuka kahawia au kufanya mabaka laini, ni ugonjwa wa kuoza magamba.

Anza na kifuniko. Ziba kama robo tatu ya wavu kwa karatasi ya alumini au kipande cha PVC, ukiacha wazi sehemu ya taa na mwanya wa hewa upande wa pili. Plastiki isikaribie taa. Kisha toa makumbi yote yenye ukungu, weka mapya, na badala ya kunyunyiza mwaga maji polepole kwenye kona nne yashuke hadi chini. Ukichota konzi ya makumbi ya chini na kuikamua, ishikane bila kudondosha tone. Ya juu iwe kavu mkononi. Tabaka la chini litatoa mvuke taratibu siku nyingi. Lenga asilimia 60 hadi 80, ukipima chini upande wa baridi.

Macho yake yakianza kuwa na wingu la rangi ya buluu, mwekee sanduku dogo lenye mosi aina ya sfagnamu, yaani mimea midogo laini inayoshika maji, iliyoloweshwa na kukamuliwa. Macho hurudi kuwa angavu kwanza, halafu baada ya siku chache ndipo anajivua. Usimshikeshike kipindi hicho.

Kwa vipande vilivyobaki sasa, mweke ndani ya boksi lenye matundu ya hewa pamoja na taulo zilizoloweshwa maji ya vuguvugu, nyuzi 28 hadi 30, kwa nusu saa. Akipenya katikati ya taulo, gamba linaachia lenyewe. Kagua ncha ya mkia kwa makini: gamba kavu linapoizunguka hukaza, hukata damu, na ncha hufa. Jichoni usiguse. Usitumie kibano, ukucha wala utepe. Utando uliobaki mara nyingi hutoka na gamba linalofuata, na usipotoka ni kazi ya daktari.

Je, chatu mfalme anahitaji taa ya UVB, ile inayotoa mionzi ya urujuanimno, au ni ya mijusi tu?

Anaishi bila hiyo, lakini sisi tungeiweka. Chagua bomba dhaifu, la asilimia 5 hadi 7, lifunike takriban nusu ya urefu wa kizimba kutoka upande wa joto, ili awe na pa kukimbilia kivuli. Liwake sambamba na halojeni. Mionzi hupungua miezi inavyopita ingawa mwanga unaonekana uleule, hivyo badilisha bomba kwa muda uliowekwa na mtengenezaji.

Naweza kuwaweka wawili pamoja wasiwe wapweke? Nawaona wamelala wamekumbatiana.

Hapana. Chatu hawa hawahitaji wenzao. Huenda wanalala pamoja kwa sababu wote wanataka pango lile lile lenye joto zuri, na mnyonge ndiye anayeacha kula kwanza. Mmoja akitapika au kuharisha, hutajua ni yupi. Watenganishe.

Nimekaa na chatu wangu wiki sita, hajala hata mara moja. Kila baada ya siku mbili namwekea panya, anageuza kichwa. Joto liko sawa. Nimpeleke kwa daktari?

Kwanza acha kumpa kila baada ya siku mbili. Kila jaribio lililoshindwa linamwongezea hofu. Mwache siku 10 bila kumshika, badilisha maji tu. Hakikisha mapango yanambana, pande tatu zimefunikwa, na kizimba hakiko karibu na spika au mlango unaopigwapigwa.

Kisha mpe jioni, taa zikishazimwa. Panya aliyegandishwa ayeyuke kwenye friji usiku kucha, kisha akiwa ndani ya mfuko mweke kwenye maji ya moto kiasi mpaka ngozi ifike nyuzi 38 hivi, hasa kichwa. Chatu ana vishimo vya kuhisi joto kwenye mdomo wa juu, na panya wa baridi kwake si windo. Mkaushe, mshike kwa koleo ndefu, msogeze polepole mbele ya pango. Unene wake usizidi sehemu nene zaidi ya nyoka. Akimkataa, mwache mlangoni mwa pango nusu saa, halafu mtoe. Jaribu tena baada ya wiki. Akila, usimshike kwa saa 48, anaweza kutapika.

Mpime uzito kila baada ya wiki mbili kwa mizani ya jikoni utakayoitenga kwa kazi hiyo, na uandike. Chatu mfalme mzima na mwenye afya anaweza kususa miezi kadhaa, hasa msimu wa kuzaliana, bila kupungua sana. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, nenda kwa daktari. Kama ni mchanga, usisubiri kufika huko: wiki sita bila kula zinatosha kumpeleka. Na awe mkubwa au mdogo, mpeleke siku hiyohiyo akipumua kwa mdomo wazi, akitoa mapovu puani au mlio wa kukoroma, au ukiona vidoadoa vyeusi vinavyotembea kwenye bakuli la maji na kandokando ya macho yake. Huo ni utitiri. Kizimba chote kitahitaji kumwagwa na kusafishwa wakati nyoka akitibiwa.