Kabla barafu haijashuka bondeni

Kamwene mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima feni maana ilikuwa inameza maneno. Unauliza: "Baba, mwaka huu niko peke yangu shambani, Juni ikija na barafu yake nianze na lipi?" Tena unasema jirani amekushauri uchome matairi usiku ili moshi ufukuze barafu. Hilo la matairi achana nalo. Moshi haupashi joto. Utakohoa mpaka alfajiri, na majani utayakuta yameungua vilevile.

Anza kwa kutembea. Chagua asubuhi isiyo na upepo, jua halijatoka, uvae kaptula, ushuke kutoka nyumbani hadi kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni. Kuna mahali utasikia miguu inaingia kwenye baridi kama unaingia mtoni. Enzi zangu palikuwa pale kwenye kisiki cha mkaratusi. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, kwa hiyo usiku inateremka mlimani polepole na kutuama bondeni kama maji. Ndiyo maana vinyungu vyetu, vinavyotulisha kiangazi kizima kwa unyevu wake, ndivyo vinavyoshikwa na barafu kwanza.

Mimi nililijua hilo kwa hasara. Nilipoleta ile miche 60 ya parachichi za Hass, niliipanda chini kule kwa sababu maji yalikuwa karibu na, niseme ukweli, nilikuwa mvivu wa kupandisha ndoo. Miche 9 ilikosa nafasi nikaichomeka juu, nyuma ya choo. Ukaja usiku mmoja wa Julai. Asubuhi majani ya bondeni yalikuwa na unga mweupe unaometameta, mama yako akasema kama mtu kapita anamwaga chumvi. Jua lilipopanda yakalegea, kufika mchana yalikuwa meusi kama mchicha uliochemshwa. Parachichi ulizokula utoto wako wote ni za nyuma ya choo.

Basi miche uliyopanda Desemba, hata kama iko mteremkoni, ijengee vibanda vya mianzi na nyasi mwezi huu wa Mei. Upande wa kaskazini uache wazi, maana miezi hiyo jua letu linapita kaskazini, nawe unataka liingie mchana. Nailoni usiilaze juu ya majani. Inapogusa ndipo panapoungua. Halafu matandazo, ambayo najua unayapenda, yasogeze pembeni mpaka Agosti. Udongo ulio wazi na wenye unyevu unakunywa joto la mchana na kulitoa usiku. Ukiulaza chini ya nyasi kavu, joto linabaki ardhini na mche unaganda juu yake. Mwagilia mchana, udongo upate muda wa kupata joto kabla ya giza.

Mche ukiungua, usikimbilie panga. Kilichoonekana kimekufa Julai mara nyingi kinachipua Septemba. Subiri uone chipukizi liko wapi, ndipo ukate.

Viazi vilivyokomaa vichimbe mapema. Vilivyobaki vikishikwa, kata mashina yaliyoungua na uviache udongoni kama wiki mbili ngozi ikaze, la sivyo vitachubuka vyote kwenye magunia.

Matete ya kulisha ng'ombe nayo yanaungua, kwa hiyo yakate kabla ya Juni. Yakatekate vipande vifupi, yaanike yanyauke kidogo, nyunyizia molasi iliyochanganywa na maji, shindilia kwenye nailoni nzito mpaka hewa yote itoke, ufunge. Hapo ng'ombe watakula. Wao baridi wanaivumilia. Wa kuangalia ni ndama. Mzibie upepo wa kusi na umbadilishie malazi kila yanapolowa, kwa sababu ndama aliyelalia maji anakwisha hata kama banda lina kuta nne.

Bibi yako akidai jiko la mkaa chumbani usimkubalie, hata akinuna siku tatu. Gesi yake haina harufu, mtu analala asiamke tena. Mwongezee blanketi.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi mnalisahau, kwamba nyasi zilizouawa na barafu zinakuwa kiberiti ifikapo Agosti. Barabara ya kuzuia moto upande wa miti ya paina ilimwe na kufagiliwa Juni hii hii, isingoje tuone moshi kwa jirani. Ukitaka kuchoma mabaki, mtaarifu mwenyekiti wa kitongoji kwanza na uwe na watu. Moto kichaa hauulizi nani aliuwasha.

Kuhusu usiku wenyewe, tazama juu jioni. Kukiwa na wingu au upepo, kalale. Ukiona hakuna wingu hata moja, upepo umekata na nyota zimejaa kama zimemwagwa, toka ukafunike miche. Mawingu huirudishia ardhi joto lake; yasipokuwepo linapotelea angani.

Nakuandikia haya saa nne usiku huku Mbagala, Dar es Salaam, shati limelowa jasho. Nacheka mwenyewe. Goti linaendelea vizuri ila daktari hajaniruhusu kusafiri.

Lakini kile kisiki usikiamini kwa sababu nimekisema mimi. Tangu niondoke, jirani wa chini amepanda paina mpaka mdomoni mwa bonde, na miti iliyosongamana inaizuia ile hewa ya baridi isitoke, kama tuta linavyozuia maji. Huenda baridi imeshapanda mpaka kwenye miche yako. Tembea, kisha nipigie uniambie miguu imeisikia wapi.

Baba yako