Maswali ya Wasomaji: Nataka kuongeza sayari kwa geimu ya watu

SWALI: Sasa mhariri. Mimi ndio refa wa kundi letu, tuko watu 5, tunakutana Jumapili kwa nyumba ya rafiki huku Umoja na tumecheza Traveller karibu miaka 2 sasa. Nataka niandike kitu yangu, sayari moja na stori zake, shida ni kuna jamaa amesoma vitabu vyote na kila nikifungua mdomo anasema ati hiyo haiendani na historia. Hii geimu ilikuwako kabla nizaliwe, nitaongeza nini ambacho hakijaandikwa? – Refa aliyechoka

JIBU: Pole ndugu yangu. Huyo jamaa namjua, kila kundi liko na wake.

Kwa wale hawajawahi icheza: Traveller ni geimu ya mezani ya mambo ya angani, kila mchezaji anaigiza mhusika wake na refa ndiye anasimulia stori, ilitengenezwa na Marc Miller ikatoka 1977 huko Marekani, unarusha dadu mbili za kawaida tu na ukipata 8 kwenda juu umefaulu. (Toleo la kwanza mhusika wako angeweza kufa ukiwa bado unamtengeneza, geimu haijaanza, na watu bado wanaicheka hiyo mpaka leo.) Stori nyingi ziko ndani ya dola moja kubwa yenye sayari kama 11,000. Sasa niambie, nani ameandika 11,000?

Hakuna. Mwaka wa 1979 kilitoka kijitabu cha mkoa mmoja wa mpakani unaitwa Spinward Marches, sayari 439, na nyingi zimepewa mstari mmoja tu wa herufi na namba, bandari iko aje, ukubwa, hewa, maji, watu, serikali, sheria, teknolojia, basi. Hapo ndipo pako, na umeachiwa makusudi.

Acha nikuonyeshe venye mimi hufanya. Juzi nimerusha dadu nikapata ukubwa 2, yaani kama mwezi wetu hivi, hewa 1 maanake karibu hakuna na ukitoka nje bila suti umeisha, maji 0, watu 6 ambayo kwa hii geimu ni mamilioni, sheria 0. Nikakaa nayo. Mamilioni ya watu mahali hakuna maji, hakuna hewa, hakuna askari. Wanakunywa nini? Lazima kuna mtu anayeleta barafu, na kama anaileta peke yake huyo ndiye serikali hata kama hajawahi kupigiwa kura. Wewe unaishi Nairobi, hii si lazima usome kitabu, umeona mfereji ukikauka wiki mbili na jamaa wa mkokoteni akipandisha bei ya mtungi asubuhi na jioni, umesikia stori za bauza linalopita mlango wako likienda kwa mwenye amelipa zaidi. Weka hiyo angani. Mkokoteni uwe meli kuukuu, mtungi uwe kontena la barafu, na wachezaji wako ndio wamekodishwa kuendesha hiyo meli halafu wafike wapate bei imebadilika wakiwa njiani.

Na hapo kwa njiani ndipo kuna silaha yako dhidi ya huyo jamaa. Kwa Traveller hakuna simu ya kuvuka nyota. Meli ikiruka kutoka nyota moja hadi nyingine inachukua kama wiki moja iwe inaenda karibu ama mbali, na habari haziwezi kufika kabla ya meli iliyozibeba, hata zile meli za posta huruka parseki 4 (parseki ni kipimo cha umbali wa nyota) kwa wiki. Mfalme akipiga chafya makao makuu watu wa mpakani watajua baada ya miezi. Kwa hivyo akikuambia "lakini kitabu kinasema mwaka huu kuna vita", mwambie sawa, ni kweli, lakini hapa hakuna mtu amesikia bado. Historia haijaguswa na sayari yako inaendelea na shida zake za barafu.

Kitu singekushauri ni kuanza na mambo ya mfalme. Hata watengenezaji wenyewe wa geimu wameungua hapo: kwa vitabu vya 1987 dola likapasuliwa kwa uasi baada ya mfalme kupigwa risasi, 1993 wakaleta kirusi cha kompyuta kikabomoa karibu kila kitu, wachezaji wengi wakakataa kuhama na kampuni yao ikafungwa 1996 (sisemi ni hiyo tu iliwaangusha). Matoleo ya sasa yamerudi nyuma mwaka wa 1105 wa kalenda ya dola, kabla ya hayo yote. Mimi mwenyewe nilishawahi kuandika kurasa 30 za ukoo wa kifalme, wachezaji wakamaliza jioni nzima wakibishana na karani wa bandari juu ya ada ya kupaki meli, na ilikuwa geimu tamu kuliko zote za mwaka huo, zile kurasa 30 hakuna aliyeziuliza.

Kabla ya Jumapili mpigie huyo jamaa umuulize, sayari fulani imeandikwa nini? Akikujibu mstari mmoja, chukua hiyo. Na yeye mpe kazi ya nahodha wa meli ya posta, atafurahi sana.

SWALI: Naweza kuiandika kwa Kiswahili halafu niuze? – Huyo huyo refa

JIBU: Ya kucheza nyumbani andika hata kwa Kiluhya, hakuna atakayekuuliza. Ya kuuza iko mpango rasmi wa mashabiki kwa duka la mtandaoni la DriveThruRPG, unaitwa Travellers' Aid Society, soma masharti mpaka mwisho kabla uweke kitu, manake hayo majina yana mwenyewe, na usinakili maneno ya vitabu vyao. Halafu tafadhali, sayari usiiite Simba. Watu wake ni mamilioni na hakuna hata mmoja amewahi kuona simba, waache waiite vile watu wa barafu wangeita.