Historia ya China kwa wanafunzi wa sekondari: anza na mchoro mmoja

Mwalimu, kwa kuwa umeuliza ni wapi mtandaoni utapata nyenzo za bure za kufundishia historia ya China bila kuwakaririsha wanafunzi orodha ya nasaba, ningekushauri uanze na mchoro mmoja tu, ule wa mchoraji Zhang Zeduan wa karne ya 12, unaoonyesha maisha ya mjini kando ya mto wakati wa nasaba ya Song. Mchoro wenyewe, wenye urefu unaozidi mita 5, umehifadhiwa katika makumbusho ya kasri la kale mjini Beijing, na tovuti ya Asia for Educators ya Chuo Kikuu cha Columbia inautumia kueleza jamii ya enzi hiyo. Mchoro huo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wasimamishe wanafunzi kwenye daraja linaloonekana mchoroni, ambapo mashua inakaribia kupita huku mlingoti wake ukishushwa, mabaharia wakihangaika na umati uliojazana juu ukiinama kutazama. Kisha waulize ni nani anayefanya kazi, nani amebebwa kwenye machela, na kwa nini wanawake ni wachache mno. Maswali hayo yatawafikisha kwenye biashara, usafirishaji na matabaka haraka kuliko muhtasari wowote. Kama intaneti ya shuleni haiaminiki, pakua picha mapema na uionyeshe kwa projekta, maana ukiichapisha kwenye karatasi ya A4 watu wote watageuka vidoadoa.