Ni wadogo, lakini chini ni kwao

Mama mmoja wa Kadutu, Bukavu, anauliza: Nimeletewa kutoka Uvira samaki sita wadogo wanaolala ndani ya maganda ya konokono. Tangi langu ni la lita 80. Muuzaji ananishauri niongeze vifaranga vinne vya tilapia, anasema wote ni wadogo watazoeana na tilapia watabaki wadogo kwa sababu tangi ni dogo. Tena nitie vijiko vya chumvi ya jikoni, maji yawe kama ya ziwa. Nataka pia kipande cha mti na makombe ya baharini kwa urembo. Nifanyeje?

Mama, tilapia wasiingie, na chumvi irudi jikoni.

Swali hili linanifikia karibu kila wiki, na nyuma yake huwa kuna maneno yale yale: ni wadogo, watazoeana. Udogo na upole ni vitu viwili. Samaki wako wakiwa na doa la kung'aa kwenye kifuniko cha mashavu ni Lamprologus ocellatus. Wakiwa na mistari myembamba mingi ya wima ni Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume lake hufika kama sentimita 4 au 5 tu. Tia mkono kwenye tangi la ocellatus usugue kioo: samaki wa urefu wa kidole atatoka na kukuuma. Analinda ganda lake. Humo ndimo analala na kukimbilia hatari ikija, humo jike hutaga, na dume humwaga mbegu mlangoni. Siku moja utaona vifaranga vya milimita chache vikichungulia kwenye mdomo wa ganda, ukisogea vinarudi ndani.

Kwa hiyo mwenzao huchaguliwa kwa kuangalia anaishi ghorofa gani, urefu wake leo haukwambii kitu. Tilapia hupekua chini, palepale penye maganda, na vifaranga vya wenzake kwake ni chakula. Habari ya kwamba samaki hukua kwa kipimo cha tangi ndiyo inayonichosha kuliko zote. Tilapia aliyebanwa hudumaa, anachafua maji ya wenzake, halafu anakufa mapema. Kuhe wa Tanganyika, anayepita nusu mita, ni wa familia moja na hawa wako, na tangi halitamfanya awe kama wao.

Kwa lita 80, waache peke yao, aina moja. Usichanganye multifasciatus na Neolamprologus similis. Wanafanana sana na wanaweza kuzaa machotara. Ukipata siku moja tangi refu la lita 200 na zaidi, kundi la Cyprichromis litaogelea juu bila kugusa maganda.

Mchanga uwe laini, wa sentimita 5 au zaidi, kwa sababu wanauchota kwa mdomo usiku na mchana. Ocellatus hulifukia ganda lake mpaka ubaki mdomo tu. Jiwe ukiliweka, likae juu ya kioo chenyewe kabla ya kumwaga mchanga. Likikaa juu ya mchanga watalichimbua chini yake na litaanguka. Maganda mazuri ni ya Neothauma, konokono wa Tanganyika mwenyewe: matupu, yaliyochemshwa, mawili au matatu kwa kila samaki. Unapolizamisha ganda, ligeuzegeuze ndani ya maji mpaka puto la mwisho la hewa litoke. Makombe ya baharini yenye mlango mwembamba yaache kabatini, samaki anaweza kukwama humo. Mti nao hutoa rangi ya chai na kuvuta maji kwenye uchachu, wakati ziwa lao liko mbali na uchachu: pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni karibu 9.

Na hiyo chumvi! Tanganyika ni ziwa la maji baridi, yaani maji yasiyo ya chumvi. Ugumu wa maji yake unatokana na kaboneti na magnesi, na chumvi ya jikoni haina hata kimoja, wala haipandishi pH. Pima kwanza maji unayotumia. Yakiwa laini, weka vipande vya chokaa-jiwe ndani ya filta. Usisahau hita: Bukavu iko juu, karibu mita 1,500, usiku kuna baridi, na hawa wanataka nyuzi 24 hadi 27.

Wauzaji wa namna hii, samaki wakianza kufa, huleta dawa: leo maji ya buluu, kesho kapsuli ya tetrasaiklini ya binadamu imemwagwa ndani ya tangi. Nimeshaona tangi jipya kabisa, samaki wanahema juu kwa amonia, sumu inayotoka kwenye uchafu wao, na mwenyewe anaendelea kutia kapsuli zinazoua bakteria wa filta, wale wale ambao wangeiondoa hiyo amonia. Pale walihitaji maji mapya tu, robo ya tangi kila siku.

Kama tilapia umeshawanunua, wapeleke kwa mwenye bwawa, usiwamwage ziwani Kivu. Sambaza, samaki wadogo tunaowala, waliletwa humo kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya uvuvi. Lakini mwaka 2006 akaonekana humo samaki mgeni mwingine kutoka Tanganyika, Lamprichthys, na sasa anakula chakula kile kile cha sambaza. Hakuna mvuvi anayeweza kumtoa tena.