Msiende kwake na Ayubu 22. Mimi nilienda, na yaya wangu, kaka yangu mkubwa, haniongeleshi mpaka leo

Dada, simamisha kwanza hiyo safari ya Jumapili. Nimesoma maneno yako mara mbili. Rafiki yako wa Birere, hapa Goma, duka lake liliporwa siku zile za risasi, Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, kisha mimba ikatoka, na sasa kikundi chenu cha maombi kinataka kwenda "kumsaidia atafute mlango aliofungua," yaani dhambi iliyoleta balaa. Unaomba mistari ya kitabu cha Ayubu ya kumtia moyo, na miwili umeshaichagua: 8:7 na 22:28. Umeuliza pia habari za Elihu, yule kijana anayeongea baada ya rafiki za Ayubu, na za Shetani kuingia mbele za Mungu, na kama mtu anayejaribiwa inafaa ashukuru. Hayo tutayaona kama nitapata nguvu.

Hiyo mistari miwili, unajua ilitoka kinywani mwa nani?

Ule wa mwanzo mdogo na mwisho mkubwa ni wa Bildadi, mmoja wa rafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu. Hapa Goma tunaupenda sana, kinyozi wangu ameuandika juu ya kioo. Panda mistari mitatu tu, usome 8:4. Ayubu amepoteza watoto 10 kwa siku moja, na Bildadi anamwambia kama watoto wako walikosa, basi Mungu aliwaachia kosa lao liwameze. Hapo ndipo anapotokea huyo wa "mwisho wako utaongezeka." Na ule wa 22:28, wa kukusudia neno likathibitika, ni wa Elifazi, rafiki mwingine. Katika sura hiyohiyo, toka mstari wa 6, Elifazi anamsingizia Ayubu kwamba alivua maskini nguo, alinyima wenye kiu maji, alifukuza wajane mikono mitupu. Shahidi hana hata mmoja. Katika sura ya 4 yeye mwenyewe alikuwa amekiri kwamba Ayubu alitia nguvu mikono iliyolegea! Alipokosa dhambi ya kumwonyesha, akamtungia.

Mimi ndiye Elifazi wa familia yetu. Cheka tu, mimi pia hucheka, maana nisipocheka itakuwa mbaya.

Jumamosi jioni, 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Yaya wangu alikuwa na nyumba ya mbao upande wa Buhene. Tulitoka usiku na magodoro kichwani, na asubuhi pale palipokuwa mlango wake palikuwa na mawe meusi yanayofuka moshi. Tetemeko juu ya tetemeko. Alhamisi ya tarehe 27 ikatoka amri watu wahame, na yeye na mke wake na watoto watatu wakashika barabara ya Sake kwa miguu. Kule walilala nje, maji walikunywa waliyoyapata. Mtoto mdogo, wa miaka miwili, akashikwa na kuhara. Walirudi na watoto wawili.

Wakati huo nilikuwa nahudhuria maombi ya mchana ya mtumishi wa Mungu mmoja, jina silitaji. Fundisho lake lilikuwa "hesabu ya Ayubu": kondoo 7,000 wakawa 14,000, ngamia 3,000 wakawa 6,000, kwa hiyo ukipoteza kitu ni mlango ulifungua, tubu, panda mbegu, yaani toa pesa, utarudishiwa maradufu. Mistari yake mikuu ilikuwa hiyohiyo yako, 8:7 na 22:28. Hata siku moja hakutuambia nani alikuwa anaongea. Na hesabu yake ilikuwa ya mifugo tu! Fungua 42:13: watoto walikuwa 10, wakaja 10. Hao hawakuzidishwa mara mbili. Yule bwana aliruka mstari huo miaka yote kama mtu anayeruka mtaro. Leo yuko mji mwingine, ana jipu lenye vioo vyeusi. Labda ndiyo ngamia zangu.

Basi nikaenda kwa yaya wangu, kilio hakijamaliza hata wiki mbili. Nilivaa vizuri. Nilikuwa na Biblia na daftari, kweli, daftari, nimeandika maswali. Watu wamekaa chini, mke wake ameshika kipande cha kitenge alichombebea mtoto. Nikafungua Ayubu 22, nikasoma, kisha nikasema: "Yaya, kumbuka vizuri. Ile pesa uliyonunulia parseli, kiwanja chako, ilitoka wapi? Hakuna mtu uliyemdhulumu?" Mbele ya watu wote.

Aliniangalia muda mrefu. Akasema: "Nyumba yako ya Himbi imesimama. Wewe ulitenda haki gani?"

Sikuwa na jibu. Ila kichwa kigumu ni ugonjwa, nikaendelea. Nikasema Mungu alitaka kumfundisha kitu kwa njia ya mtoto. Hayo maneno nilisema mimi, kwa kinywa hiki ninachokulia ugali. Mke wake akasimama, akatoka, na mpaka leo nikiingia mahali yeye anatoka.

Yaya aliyashika zaidi ya nilivyodhani, na hapo ndipo palipouma kuliko yote. Mtu aliyevunjika hutafuta sababu yoyote, hata ya uongo, kwa sababu sababu ya uongo ina dawa. Akaanza kukiri vitu ambavyo hakufanya. Akauza chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, ile aliyokuwa anashushia viazi na vitunguu kutoka Kibumba, kitu pekee ambacho volkano ilimwachia, na pesa yote akaipeleka kama mbegu kwa yule mtumishi. Mimi ndiye niliyempeleka. Nilishangilia! Miezi ikapita, maradufu haikuja, akawa anabeba magunia kwa mgongo kule Kituku. Siku alipoelewa hakunipigia kelele. Aliacha tu kujibu simu.

Nilisoma kitabu chote baadaye, sura 42, peke yangu, bila mahubiri. Katika 1:8 Mungu mwenyewe anasema hakuna kama Ayubu duniani, mkamilifu na mwelekevu. Msomaji anajua toka ukurasa wa kwanza kwamba hakuna mlango uliofunguliwa. Wanaotafuta mlango ni wale rafiki watatu. Na katika 42:7 Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu. Ayubu aliyelaani siku ya kuzaliwa kwake! Aliyemwambia Mungu aje wasimame hukumuni! Huyo ndiye aliyenena sawa. Watetezi wa Mungu ndio waliotakiwa kupeleka ng'ombe 7 na kondoo waume 7, kisha wangoje aliyetukanwa awaombee.

Kuna jambo moja walifanya vizuri, liko 2:13. Waliketi chini pamoja naye siku 7, usiku na mchana, bila kumwambia neno. Wangerudi kwao siku ya nane, tungewaita watakatifu. Kwa hiyo: usipeleke swali kwenye nyumba yenye kilio. Nimesema. Usipeleke swali. Hata lile la upole, "mama, unafikiri Mungu anasema nini katika hili?" Hata wanafunzi walimwuliza Yesu juu ya yule kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na katika Yohana 9:3 akawajibu si huyu wala wale.

Elihu anaanza sura ya 32, anaongea sura sita bila kumeza mate, na Ayubu hamjibu hata neno. Shetani soma mwenyewe, sura mbili za kwanza, ni fupi. Ile ya kushukuru nimeisahau ulivyoiuliza.

Jumapili mkienda, pelekeni makaa, unga, sombe, majani ya muhogo, iliyokwisha kutwangwa. Atakayemlaumu Mungu mbele yenu, mwacheni alaumu. Na yule mama wa kikundi chenu unayesema huanza kila kitu na "Bwana amenionyesha", mwombeni abaki nyumbani awalindie watoto.