Ukiambiwa ni ya gredi, uliza gredi ya nini

Kama unapanga kununua ng'ombe wa maziwa, kaa hapa kidogo, manake kuna neno moja linawapotezea watu pesa nyingi sana na hilo neno ni gredi. Huku Mlima Kenya "ng'ombe wa gredi" imekaa kama jina la aina fulani ya ng'ombe, mtu akiona mnyama mweusi mwenye mabaka meupe anasema hiyo ni gredi, na dalali akisikia hivyo bei inapanda hapo hapo.

Sasa tuelewane. Kwa wafugaji wa Kiingereza, ambao ndio tulitoa neno kwao, gredi ni mnyama asiye na ukoo kamili ulioandikwa. Unachukua ng'ombe wa kienyeji, unampandisha na Friesian au Ayrshire, ndama anatoka na nusu ya damu ya kigeni. Huyo mtamba akikua unampandisha tena na dume safi unapata robo tatu, anayefuata ni saba kwa nane, na kila hatua inakula kama miaka mitatu hivi. Kwa hivyo yule wa nusu na yule wa saba kwa nane wote ni gredi, wote wamefungwa kwa kamba sokoni, na kwa rangi tu huwezi kujua nani ni nani! Wale walioandikishwa wanapangwa kwa ngazi katika Kenya Stud Book, lile daftari la ukoo wa mifugo, kuanzia Foundation hadi Pedigree, yaani mwenye ukoo kamili, na ng'ombe wa hivyo ana karatasi. Dalali akikwambia hii ni pedigree na hana karatasi, hiyo bei ya pedigree usilipe.

Na usidhani damu nyingi ya kigeni ndio nzuri kila mahali. Ng'ombe wa saba kwa nane anataka chakula cha kutosha, maji muda wote, na kupe akimpata, ule ugonjwa wa ndigana kali unammaliza haraka kuliko yule mwenye damu ya kienyeji. Mtu akiwa anaishi sehemu kavu na nyasi ni za kutafuta, mimi namwambia wazi achukue wa nusu au robo tatu, atakunywa maziwa kidogo lakini ataendelea kunywa.

Nikienda kununua mimi hufika jioni kabla hajakamwa, naangalia akikamwa mbele yangu, halafu asubuhi narudi naangalia tena. Hii ni muhimu sana kwa sababu kuna wauzaji wanaruka kumkama mara moja ili kiwele kionekane kimejaa, wewe unaona lita nyingi kumbe ni za jana na leo. Kabla ya kukama naomba kila chuchu itolewe matone machache kwenye kikombe cheusi, maziwa yakiwa na vibonge au majimaji ujue kiwele ni kigonjwa. Naangalia chuchu zote nne zinatoa. Halafu naomba risiti za uhimilishaji wa mama yake, ile tunaita AI, yaani kupandishwa kwa mbegu za dume bila dume mwenyewe, kwa sababu pale kunaandikwa jina la dume na tarehe, na hiyo ndiyo itakwambia ukoo kuliko mdomo wa mtu.

Ukishazoea kuuliza hivi kwa ng'ombe utajikuta unauliza kila mahali. Kahawa kwa mfano, watu wanafikiri AA maana yake ni tamu kuliko zote, na sivyo. AA ni saizi, ni zile punje kubwa zinazobaki juu ya chekeche yenye matundu ya milimita 7 na kitu, AB ni ndogo kidogo, PB ni zile za mviringo zinazotoka moja kwenye tunda badala ya mbili. Ladha inapimwa kivyake kwa kuonja.

Shule nayo ni hivyo hivyo. Siku hizi Gredi ya 9 ni darasa, lakini gredi ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari huku Kenya, ni alama, na hapo A ni pointi 12. Sasa ukipigiwa simu na ndugu aliye Tanzania akwambie mtoto wake wa kidato cha nne amepata pointi 7, usimpe pole, mpe hongera manake kule A ni pointi 1 na masomo saba ndiyo yanahesabiwa, kwa hivyo 7 ndiyo Division One ya juu kabisa.

Simiti pia: 32.5 na 42.5 ni nguvu ya kubanwa ikifika siku 28. Plasta na kujengea mawe 32.5 inatosha, nguzo na slabu ndiyo uitafutie 42.5, na ukimwagilia zege maji wiki nzima utapata faida kubwa kuliko kubishana kwa hardware.

Halafu kuna ile gredi ya mainjinia wa barabara, ambayo ni mwinamo, na hii pia itakufikia ukijenga banda la huyo ng'ombe. Asilimia 2 maana yake kila mita moja sakafu inashuka sentimita 2. Asilimia 100 sio ukuta wima, ni nyuzi 45. Sakafu ya banda mimi naiweka kati ya asilimia 2 na 3, ikiwa chini ya hapo mkojo unakaa na kwato zinaoza, ikizidi sana ng'ombe anateleza na akiwa na mimba ni hatari kabisa. Banda la mita 6 basi upande wa juu uwe umeinuka sentimita 12 hadi 18, na mpime kwa ule mpira wa maji unaoona ndani kabla zege haijamwagwa. Fundi akisema yeye anapima kwa macho, mwambie asubiri mpira uletwe.